Kuzungumza na mwanafunzi mgeni mpaka mfahamiane

Mwanafunzi kutoka Ujerumani, Marekani, Japani au Korea anapofika Unguja kusoma Kiswahili, darasani hupewa ngeli, nyakati na msamiati. Mchana akitoka kampasi ya Vuga ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, anabaki na madaftari yake na mji unaomsalimia kwa Kiingereza. Hapo anahitaji mtu wa kukaa naye. Mwalimu, au mama wa nyumba aliyofikia, atamtafutia kijana mwenye nafasi na anayependa kuzungumza, na huenda kijana huyo akawa wewe. Kiswahili umezaliwa nacho, ualimu hukusomea, na umeambiwa tu, "Kaa naye mzungumze."

Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka na bado naipenda, kwa sababu ikienda vizuri watu wawili hufahamiana kwelikweli. Ikienda vibaya mtakutana wiki baada ya wiki, yeye akajua rangi na siku za wiki, wewe ukajua jina lake na nchi yake, basi. Kwa nionavyo mimi tofauti inaletwa na maswali. Muulize mambo ambayo wewe mwenyewe huyajui.

Ukinyoosha kidole kwenye kiti ukauliza, "Hiki ni nini?" atajibu, "Hicho ni kiti," nawe utasema, "Vizuri sana." Jibu ulikuwa nalo tangu mwanzo, na yeye anajua kuwa ulikuwa nalo. Sasa muulize, "Kwenu wakati wa kula, nani anakaa wapi?" Mara anatokea baba anayekaa karibu na dirisha, na bibi ambaye kiti chake hakikaliwi na mtu mwingine, na kaka aliyehama ambaye sahani yake bado mama anaitoa kwa mazoea. Maneno aliyonayo ni machache, lakini atayatafuta kwa juhudi kwa sababu ana jambo la kusema, na wewe utamsikiliza kwa hamu kwa sababu hujui litakalofuata. Ngeli zitakosewa, wakati uliopita utachanganywa na ujao, na bado mtakuwa mmezungumza.

Kikao cha kwanza

Siku ya kwanza msikimbilie mazungumzo. Kwanza elewaneni: mtakutana wapi, saa ngapi, kwa lugha gani, na kama kuna malipo.

Saa ndiyo huvunja ahadi nyingi. Umemwambia saa mbili asubuhi, yeye akasikia mbili, akaandika mbili, akatokea baada ya adhuhuri wakati wewe umeshachoka kungoja na umekwenda zako. Mweleze tangu mapema kwamba sisi tunahesabu saa tangu jua kuchomoza, kwa hiyo hesabu yetu na ya kwao zinapishana kwa saa sita. Kisha kila mkipanga, mwombe akuoneshe kwenye uso wa saa au kwenye simu ni wakati gani aliouelewa. Taja na sehemu ya siku: saa kumi alasiri, saa moja usiku, saa kumi na moja alfajiri. Hilo pekee ni zoezi zuri, na litawaokoa na manung'uniko.

Kuhusu pesa, zungumzeni bila haya. Kama ni kazi ya kulipwa, taja kiasi siku hiyohiyo. Kama ni kubadilishana lugha, gaweni muda kwa saa: nusu ya kwanza Kiswahili kitupu, nusu ya pili lugha yake tupu. Mkichanganya, lugha iliyo nyepesi kwenu wote wawili itameza nyingine, na mara nyingi itakuwa Kiingereza, hata kama yeye ni Mkorea na wewe ulitaka kujifunza Kikorea. Kama ni urafiki tu, amueni kahawa italipwa kwa zamu. Mgeni anayelipa kila siku huanza kujiuliza anatafutiwa nini, na mwenyeji anayelipiwa kila siku huanza kuzoea.

Mahali nako kuna mambo yake. Kijana wa kiume na msichana mgeni wakijifungia chumbani, au kinyume chake, maneno yatazagaa mtaani kabla chai haijapoa, na atakayebaki nayo ni yule anayeishi hapa. Kaeni barazani, au bustani ya Forodhani kabla wauza chakula hawajapanga meza zao, au sebuleni kwa mama wa nyumba huku watu wakipita. Mwambie mgeni wazi kwa nini mnakaa hapo, asije akadhani unamkwepa. Vijiwe vya kahawa kama Jaws Corner viacheni kwa baadaye. Pale watu wanasema kwa pamoja, wanatania na kubishana juu ya siasa na mpira, na mwanafunzi wa wiki ya pili hatapata hata pa kuingilia.

Kabla hamjaachana siku hiyo, mpe sentensi chache za kujiokolea. Azikariri mpaka zitoke zenyewe: "Sijakufahamu." "Sema tena, polepole." "Maana yake nini?" "Kwa Kiswahili mnasemaje?" Na hii ambayo vitabu vingi huisahau: "Ngoja, natafuta neno." Hiyo ya mwisho ina faida kubwa kuliko zote, maana inakufunga mdomo wewe. Mwenyeji mwenye huruma huona mgeni amekwama, humrukia na kumpa neno, kisha humpa la pili na la tatu, mpaka sentensi nzima inakuwa ya mwenyeji. Akisema anatafuta neno, mwache atafute. Kimya hicho kitakuumiza wewe kuliko yeye.

Kumsahihisha bila kumkata

Kuna wanaosahihisha kila kosa na kuna wasiosahihisha lolote, na wote wawili wanamchosha mwanafunzi. Njia ninayoiamini ni kumrudishia maneno yake yakiwa yamenyooka, kisha kuendelea na mazungumzo. Akisema, "Jana mimi ninakwenda soko," wewe itikia, "Aha, jana ulikwenda sokoni! Ulinunua nini?" Amesikia umbo sahihi, hajaaibishwa, na tayari ana swali la kujibu. Mara ya tatu au ya nne utamsikia mwenyewe anasema "nilikwenda sokoni", na wala hatajua aliokota wapi.

Makosa ya ngeli yaache yapite. "Kitabu yangu" kila mtu anaielewa, na mwalimu wake atashughulika nayo darasani. Simama pale ambapo kosa linaficha maana au linaweza kumletea aibu mbele ya watu. Mzungumzaji wa Kiingereza akisikia joto la Januari huweza kusema "mimi ni moto", akadhani amelalamikia hali ya hewa. Hapo mpe "nasikia joto" papo hapo, na "nasikia baridi" na "nasikia njaa" ziende pamoja. Wajapani na Wakorea wengi husumbuliwa na *l* na *r*, na "kula" ikigeuka "kura" mazungumzo ya chakula huwa ya uchaguzi. Mpe maneno mawili kama hayo ayasome kwa sauti mwanzoni mwa kikao, dakika chache tu, kisha endeleeni. Wazungumzaji wa Kiingereza nao huvuta irabu ya mwisho, "pole" ikawa na mkia, na "mtu" wakaitia irabu mbele au katikati. Hao waambie wasikilize zaidi kuliko kusema, kwa sababu hawajui kwamba wanafanya hivyo.

Makosa mengine yaandike kwenye karatasi wakati anazungumza. Zikibaki dakika kumi, mpe matatu, yasizidi. Ukimpa kumi na tano ataondoka akijiona hajui kitu.

Na wewe sema Kiswahili chako kamili. Naona watu wengi, hata wasomi, wakimwambia mgeni "Wewe kwenda wapi? Wewe taka chai?" wakidhani wanamrahisishia. Wanamfundisha lugha ambayo hakuna mtu anayeisema popote. Punguza kasi, fupisha sentensi, chagua maneno ya kila siku, lakini sema "Unakwenda wapi?" na "Utakunywa chai?" kama unavyomwambia mdogo wako. Asipofahamu, tafuta njia nyingine ya kusema jambo hilohilo kwa Kiswahili, au chora, au onesha kwa mikono. Kiingereza kiwe mlango wa dharura. Ukiufungua mara moja kila dakika tano, atajua hana haja ya kuhangaika.

Ingieni jikoni

Mazungumzo ya kukaa yana kikomo. Baada ya vikao vichache maswali yataanza kujirudia, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Dawa yake ni kufanya kazi pamoja, na kwa uzoefu wangu hakuna kazi inayofungua watu kama kupika. Omba ruhusa kwa mwenye jiko, nunueni nazi na mchele soko la Darajani, mkapike wali wa nazi kwa mkaa.

Tazama maneno yanavyokuja. Nazi lazima ivunjwe, na akiikosa mara mbili mtacheka kabla ya kuanza. Atakaa juu ya mbuzi akune, na atauliza kwa nini kitu kisicho na pembe wala mkia kinaitwa mbuzi, nawe utajibu unavyojua. Utamuuliza, "Umeshakuna?" naye atajibu, "Bado sijamaliza." Hiyo "bado sija-" ambayo darasani aliifanyia mazoezi ya kuandika, hapa itamtoka kwa sababu kweli bado hajamaliza na mkono unamuuma. Nazi iliyokunwa inatiwa maji ya vuguvugu, inakamuliwa, inachujwa kwenye kifumbu au chujio. Tui zito linawekwa kando, tui jepesi linatangulia jikoni. Mchele unachaguliwa kwenye sinia, na hapo ndipo patamu, kwa sababu kuchagua mchele ni kazi ya mikono na macho, mdomo uko huru. Watu wawili wakiwa wameinamia sinia moja hawatazamani usoni. Mambo ambayo mgeni hakuyasema barazani atayasema hapo: kwamba mama yake hapendi alivyokuja mbali hivi, kwamba alikuwa na mchumba wakaachana, kwamba usiku wa Jumapili ndio humwia mzito.

Wali ukikaribia kukauka mtaupalia, makaa kidogo juu ya mfuniko, na mtakaa kusubiri. Mwambie sasa akusimulie hatua zote kutoka mwanzo, kana kwamba anamweleza mtu ambaye hakuwapo. Tulivunja nazi, tukakuna, tukakamua, tukachuja. Masimulizi ya "-ka-" ambayo huwasumbua wanafunzi kwa muda mrefu yatakaa kichwani pamoja na harufu ya tui.

Siku nyingine badilishaneni, apike chakula cha kwao, akuelekeze kwa Kiswahili. Hiyo ni siku ngumu zaidi kwake, na itamfaa sana: mwenye ujuzi ni yeye, wewe ndiye unayeuliza "nikate hivi?" na "nitie lini?" Wanafunzi wengi wageni huchoka kuwa wajinga kila saa ya siku. Mpe saa moja ya kuwa fundi.

Asiyejua kupika atumie kitu kingine. Kanga ina jina, yaani msemo ulioandikwa karibu na pindo, na mnaweza kuingia madukani mkasoma majina, kila mmoja akakisia nani angeinunua na angemvalia nani. Bao nalo linafaa, kwa maneno yake ya kutania. Safari ya daladala hadi shamba na kurudi ni darasa la kusikiliza.

Wewe pia useme

Anayeuliza tu hugeuka afisa wa uhamiaji. Kila akikupa jambo la kwao, mpe la kwako lenye uzito uleule. Akisema bibi yake alimlea, sema nani alikulea wewe. Akisema aliogopa siku ya kwanza hapa, mweleze ulivyoogopa mara ya kwanza ulipovuka bahari kwenda Dar es Salaam peke yako, kama ni kweli uliogopa. Usimtungie. Mgeni mwenye lugha kidogo husoma sana uso, na uongo atauona kabla hajauelewa.

Jambo hili nalishikilia kwa sababu historia ya kufundisha wageni Kiswahili ina kidonda. Mwaka 1887 ilianzishwa Berlin seminari ya lugha za Mashariki, iliyowaandaa maofisa na wafanyabiashara wa Kijerumani waliokuwa wanakuja makoloni, na wasemaji wa Kiswahili walipelekwa huko kufundisha. Mmoja wao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa upande wa Bagamoyo, aliyefika Berlin mwaka 1900. Sehemu kubwa ya kitabu cha *Desturi za Wasuaheli*, kilichotoka mwaka 1903, ni maandishi yake, lakini jina lililowekwa mbele ni la Carl Velten. Darasani alivumilia dharau za wanafunzi waliomwona chini yao kwa rangi yake, na mwaka 1905 akaondoka kwenye kazi hiyo. Walitaka Kiswahili chake, yeye hawakumtaka. Ukikaa na mwanafunzi mgeni leo una haki ya kuwa mtu kamili mbele yake, mwenye jina, maoni na siku mbaya. Na yeye vilevile. Ukimtaka kwa ajili ya viza, au kwa ajili ya picha za kuweka mtandaoni, umemfanyia yaleyale.

Kuna maswali ambayo kwetu ni ya kawaida na kwake ni mazito. Utaolewa lini, una watoto wangapi, mbona huna, unasali wapi, unalipwa kiasi gani. Sisemi usiulize kamwe, maana hata kuzoea maswali yetu ni sehemu ya kujua lugha, na kesho mama mmoja ndani ya daladala atamuuliza yote hayo kabla hawajafika Mwanakwerekwe. Mwandae. Mwambie kwamba ataulizwa, mweleze kuwa muulizaji anamkaribisha, na mfundishe majibu ya upole yanayofunga mlango: "Mungu hajapenda bado." "Tuombeane." Na ukimwambia "umenenepa" kwa nia ya kumsifu kuwa nchi imempokea, fafanua upesi, kwa sababu kwao neno hilo huenda likawa tusi.

Muulize pia juu ya kuitwa. Watoto wanaompigia kelele "Mzungu!" au "Mchina!" kila kona hawamchukii, lakini mtu anayeitwa hivyo kutwa, akiwa Mkorea au Mmarekani mweusi au binti wa Kijapani, huchoka. Sikiliza anavyojisikia kabla ya kumtetea mtoto wa jirani. Kisha mfundishe kugeuka na kusema, "Jina langu ni fulani, na wewe je?" Watoto hupenda kuulizwa majina.

Kumtoa kwenda kwa watu

Ikifika siku anaweza kukusimulia wiki yake bila kusimama sana, mtoe. Amezoea sauti yako na mwendo wako, na anadhani Kiswahili chote ndicho hicho. Mpeleke kwa mzee, kwa fundi cherehani, kwa muuza samaki.

Kabla ya hapo, salamu zikae sawa. Darasani amesoma "Hujambo" na "Shikamoo", na vijana wenzake wamempa "Mambo" na "Poa". Asipojua mipaka atamwambia babu wa miaka sabini "Mambo vipi", na babu atanyamaza. Mfundishe kumtangulizia mkubwa "Shikamoo" na kusubiri "Marahaba" kabla ya neno lingine lolote, na asiwe na haraka baada ya hapo: habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi. Wageni wengi huona mlolongo huo kama kizingiti kabla ya shughuli. Kwa mzee huyo ndiyo shughuli yenyewe.

Ukiwa naye kwa watu, wewe nyamaza. Kazi yako hapo ni kutokuwa mkalimani. Mzee atakugeukia wewe aulize, "Huyu anatoka wapi?" Jibu, "Muulize mwenyewe, anasema Kiswahili." Kisha kaa pembeni unywe kahawa yako.

Atakaporudi kwao, mazungumzo yasife uwanja wa ndege. Sauti fupi za WhatsApp zinafaa kuliko maandishi, kwa sababu lugha iliyojifunzwa kwa kusikia hupotea kwa kukosa kusikia. Pangeni siku moja ya wiki na saa inayowafaa wote wawili. Saa tisa alasiri ya Unguja ni saa tatu usiku Osaka, wakati mwanafunzi ameshakula na kutulia. Kwa Berlin tofauti ni saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Kwa Chicago ni saa nane au tisa, kwa hiyo mpigie jioni yako, yeye akiwa anakunywa chai ya asubuhi. Akikosa wiki moja au mbili usimtumie lawama. Mtumie habari za mtaani: nani ameoa, duka gani limefungwa, mvua imenyesha kiasi gani, na mwisho umuulize jambo moja usilolijua.